Zebaki Katika Samaki wa Okoth

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimeamka na akili. Haitokei kila siku, kwa hivyo naandika mapema, kabla muthokoi haujaiva na wateja hawajaanza kelele.

Mambo yalivyo ni haya. Mimi Kitheka, mwenye kibanda cha muthokoi, yale mahindi ya kukoboa ya kwetu Ukambani, na ndengu hapa Gatina, nampenda Adhis. Adhis ananipenda pia. Amesema mwenyewe mara mbili, na mara moja hata sikuwa nimeuliza. Shida ni shangazi yake aliyemlea, Anti Risper, anayekaanga samaki kule Kibera karibu na ukuta wa mtaa wa Ayany. Kila nikianza kumwambia habari ya ndoa, anainua mkono wake uliojaa unga na mafuta, anasema hayo si maneno ya kutoka kwa mdomo wangu. Kisha anageuza samaki.

Si ya mdomo wangu! Ni ya mdomo wa nani basi? Nimejiuliza tangu Agosti. Sasa najua. Ni ya Okoth.

Okoth ndiye anayeleta samaki kutoka ziwani. Anakuja Jumatatu na Alhamisi. Ana viatu vilivyochongoka mbele na simu mbili. Akishashusha samaki, yeye na Anti Risper hukaa nyuma ya kibanda wakinong'ona kwa Kijaluo, mara wananitazama, mara wanaacha. Na kabla hajaondoka humwachia Anti samaki mmoja mkubwa, mbuta, zawadi. Mbuta wa kilo sita! Mimi nilipeleka bakuli la muthokoi mwezi uliopita. Nilishukuriwa vizuri sana, na nilipokuwa nikiondoka nikaona kuku wa jirani wakiula.

Adhis nikimuuliza kuhusu Okoth anacheka tu, ananiambia nitulie, kila kitu kina njia yake. Mwanamke akikuambia utulie, ujue kuna mtu mwingine anayekimbia.

Sasa hiyo akili. Asubuhi redio ya jirani imesema wataalamu wana wasiwasi kuhusu zebaki nyingi katika samaki. Stima ikapotea kabla hawajamaliza. Lakini niliyosikia yananitosha. Zebaki ni sumu. Samaki ana zebaki. Okoth ana samaki. Samaki wakianguka, Okoth ameanguka nao, na Anti Risper atabaki bila kazi, na nani atamwokoa? Mimi! Nitamfundisha kupika muthokoi. Tutafungua kibanda cha familia.

Jumanne, 4 Machi

Nimemweleza rafiki yangu Wambua, fundi wa viatu pale steji ya Kawangware 56. Yeye ni mtu wa kushuku. Akasema zebaki haionekani kwa macho, inahitaji maabara, na mimi sina maabara, nina sufuria tatu.

Nikamuuliza: zebaki hukaa wapi? Akasema hajui. Nikamwambia hukaa ndani ya kile kipimajoto cha kizamani, kile cha kioo walichokuwa wakituwekea kwapani tukiwa wadogo. Sasa kama zebaki inakaa ndani ya kipimajoto, si kipimajoto kinaijua zebaki? Kikikutana nayo si kitaitambua? Wambua aliweka sindano chini. Akasema basi kitafutwe, tujaribu.

Na kipimajoto ninacho. Au tuseme kanisa linacho. Ile bunduki ya kupimia joto ya wakati wa korona, ambayo sisi wahudumu wa mlangoni tulikuwa tukiwalenga waumini nayo kwenye paji la uso. Imelala kabatini miaka mitatu. Nimeiazima. Sikumwambia mtu, lakini hata hakuna aliyekataa.

Nimenunua betri, tukaijaribu kwa Wambua. Kabichi: 23. Ukuta: 25. Kiatu cha mwalimu wa nasari: 26. Vyote hivyo havili samaki. Kisha nikajilenga mwenyewe.

36.5!

Nilikaa chini. Tangu Agosti nimekula tilapia ya Anti Risper kila Jumapili, kwa ajili ya mapenzi tu, maana kwetu Kitui nyanya yangu alikuwa akiita samaki nyoka wa maji. Na sasa zebaki imo ndani yangu. Nikampima Wambua haraka. 36.7. Nikamuuliza kwa sauti ya upole kama huwa anakula samaki. Akasema omena, mara kwa mara, mke wake anapenda.

Mashine haidanganyi. Tumekunywa maji ya ndimu vikombe vitano kila mmoja.

Alhamisi, 6 Machi

Siamini! Okoth amekuja hapa Gatina. Kwangu! Ameinamisha kichwa mlangoni, akaketi kwenye benchi langu, akaitisha muthokoi.

Nilidhani amekuja kupigana. Akala sahani mbili, akasifu ndengu. Kisha akaanza maswali. Sisi ni watoto wangapi nyumbani. Naenda kanisa gani. Kama nakunywa. Kama nimewahi kumpiga mtu. Baba yangu bado yuko? Mwisho, huku akijifuta mdomo, akauliza polepole tuna ng'ombe wangapi kule Kitui.

Nikaona mchezo wake. Anapima adui! Anataka kujua kama atanishinda. Nikamwambia arobaini. Ukweli ni watatu, na punda mmoja anayechechemea. Okoth akashtuka kidogo, akasema sawa sawa, akanipa mkono, akaondoka kwa furaha ambayo bila shaka alikuwa akijilazimisha.

Kesho ni Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima. Wakatoliki wote wa Kibera wataacha nyama wale samaki. Adhis ameniambia Anti Risper amechukua mara mbili ya kawaida, hata kaongeza jiko la pili. Nami nikajiambia, Kitheka, siku ndiyo hii.

Ijumaa, 7 Machi

Imefaulu! Imefaulu kabisa.

Nimefika saa sita. Foleni ya watu ishirini. Sikusimama karibu na kibanda, maana namheshimu Anti Risper. Nilisimama kando ya njia, hatua kumi hivi, nimevaa lile koti langu jeupe la kupikia, nikapaza sauti. Nikasema nimekuja kwa ajili ya afya ya umma. Nikasema redio imesema. Nikasema zebaki inaingia kwenye ubongo na haitoki. Watu wakacheka. Jamaa mmoja wa boda aliyekuwa ameshika samaki wake akaniambia, "Buda, hiyo si ya korona? Haya, pima basi tuone."

Nikamlenga samaki wake, aliyetoka kwenye mafuta dakika hiyo hiyo.

84.

Nikawaonyesha. Nikaeleza kwamba kabichi ina 23. Nikampima yule wa boda, 36.9, nikatikisa kichwa kama daktari. Akaniuliza, "Kwani nimebakisha siku ngapi?" Nikasema inategemea. Hapo kicheko kikaisha. Wakataka kupimwa wote, na hakuna aliyekuwa chini ya 36! Hata mama mmoja aliyesema hajaonja samaki tangu Krismasi. Nikamwambia basi hebu fikiria Krismasi hiyo alikula kiasi gani. Dada mmoja mja mzito alikuwa ameuma mara moja tu. Akatema, akashika tumbo, akaanza kulia, akaenda mbio.

Kufikia saa nane foleni ilikuwa imekwisha. Anti Risper alisema neno moja tu. Alisema, "Yawa, Kitheka, mimi nimekukosea nini?" Nikamjibu kwamba hajanikosea, namwokoa. Alifunika samaki kwa gazeti, sinia moja baada ya nyingine, akazima jiko la pili, kisha la kwanza. Akakaa kwenye ndoo.

Nilitarajia kufurahi zaidi ya hivi. Jioni nilipita tena, nikamkuta akiwapelekea majirani samaki wa bure, nao wanafunga milango. Samaki waliobaki akawamwagia paka. Nilisimama nyuma ya ukuta nikaona yote, na kitu kikanikaba kooni. Nadhani ni zebaki.

Adhis hachukui simu.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya. Naandika nikiwa nimelala chali.

Asubuhi nilikuwa na nguvu. Nilipakia hotpoti kubwa ya muthokoi kwenye boda, nikaenda kuuza mbele ya ukuta wa Ayany. Nikaandika kwenye kadibodi: CHAKULA KISICHO NA ZEBAKI. Anti Risper hakuwa amewasha jiko. Alikuwa ameketi na mikono mitupu, na mimi nilijiambia ataniita mwenyewe aombe kufundishwa kupika. Nikauza sahani tisa.

Ndipo akaja Musimbi. Ni mhudumu wa afya wa mtaa, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa, anayejua mtoto gani amechanjwa na yupi hajachanjwa katika kila ploti. Kumbe yule dada mja mzito alikwenda kwake akilia usiku kucha. Musimbi hakupiga kelele. Aliniomba bunduki. Nikampa, nikidhani anataka kupimwa.

Akafungua hotpoti yangu, akalenga muthokoi.

79.

Watu tisa waliokuwa wakila waliacha kula. Nikasema mashine imepata joto la jua. Musimbi akamlenga paka aliyekuwa akilamba magazeti ya jana. 38.4. Akanilenga mimi. 36.6. Akauliza watu, kwa sauti ya mwalimu wa Jumapili, kama wanaona kwamba paka ana zebaki kunishinda. Kisha akawaambia kwamba hicho ni kipimajoto, kinapima joto, na kila mtu aliye hai ana joto, na asiye nalo atapelekwa kuzikwa.

Sijawahi kusikia kicheko kama hicho. Yule wa boda alishikilia pikipiki asianguke.

Musimbi akaendelea. Alisema zebaki ni jambo la kweli na si la mzaha, ndiyo maana haliachiwi wapumbavu. Haionekani kwa macho, haitoki kwa kukaangwa, na inapimwa maabara tu. Inazidi katika samaki wakubwa walioishi sana wakila wenzao, na akina mama waja wazito na watoto wadogo ndio wanaoambiwa wasiwazoee wale wakubwa. Lakini samaki wadogo wadogo kama omena huwa nayo kidogo mno, na ni chakula kizuri kwa mama na kwa mtoto. Akamtazama Anti Risper, akamwambia awakaangie wajawazito wale wadogo, na wale mbuta wakubwa asiwape kila siku. Anti akaitikia kwa kichwa. Yeye peke yake hakucheka.

Halafu Adhis akatoka nyuma ya kibanda. Ningependa kuruka sehemu hii, lakini shajara ni shajara.

Aliniuliza kama najua Okoth ni nani. Nikasema najua sana, ni mtu anayeleta mbuta wa zawadi. Akasema Okoth ni mtoto wa mdogo wa baba yake. Kwao huyo ni kaka kabisa. Kuolewa naye ni mwiko, hata kuwaza ni aibu. Akasema kwao mwanamume haendi kujisemea mwenyewe kwa wazazi wa msichana, ni kama mtu kujipigia makofi. Anasemewa na mshenga, kimya kimya, mpaka nyumba ikubali. Ndiyo maana Anti alikuwa akikataa maneno ya mdomo wangu.

Na mshenga wangu alikuwa Okoth.

Miezi saba! Kila Jumatatu na Alhamisi! Kule nyuma ya kibanda walikokuwa wakinong'ona na kunitazama, alikuwa akinisifu. Mbuta wa zawadi alikuwa wa kumlainisha Anti kwa niaba yangu. Juzi alikuja Gatina kuuliza maswali ya mwisho, akarudi kusema mimi ni mpole, sinywi, na ndengu zangu ni nzuri. Anti akakubali Alhamisi jioni. Nilikuwa niitwe Jumapili. Yale majiko mawili ya Ijumaa yalikuwa ya kutafuta pesa za kunikaribisha.

Niliangalia viatu vyangu.

Okoth ameacha ushenga. Aliwaambia hawezi kumtetea mtu anayeita samaki wake sumu mbele ya wateja. Tena hatalala na njaa kwa ajili ya shemeji wa aina hiyo. Adhis alisema haya yote bila kupaza sauti, macho makavu, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko kicheko cha mtaa mzima. Nilimwambia nampenda. Akasema anajua, shida haijawahi kuwa hiyo.

Nimerudi Gatina kwa miguu, hotpoti kichwani.

Jumapili, 9 Machi

Nilirudisha bunduki kabatini kabla ya ibada. Nikaomba kweli kweli, magoti chini, mpaka mzee wa kanisa akaniuliza kama kuna msiba.

Adhis alinitumia ujumbe saa tano. Maneno machache. Niende pale pale nilipokuwa nimesimama Ijumaa, kwa sauti ile ile, niseme nilidanganya. Nisibebe kitu chochote mkononi. Nikishindwa, nisimpigie simu tena.

Nikaenda. Wambua alinisindikiza, eti nisipitie mahali nikabadilisha mpango. Ananijua.

Watu walikuwa wengi, maana habari za muthokoi wenye zebaki zilikuwa zimefika mpaka Gatina. Nilifungua mdomo, na nakiri kwamba maneno ya kwanza yaliyokuja yalikuwa kuhusu betri mbovu. Wambua akanikanyaga. Nikavuta pumzi. Nikasema nilidanganya. Nikasema sikujua lolote kuhusu zebaki, nilisikia nusu ya habari redioni na nusu nyingine nikaijaza mwenyewe. Nikasema niliwaogopesha watu, na mama mmoja alilia kwa sababu yangu. Na Anti Risper alimwaga kazi yake kwa paka. Nikasema nilikuwa na wivu. Hilo la mwisho sikuwa nimelipanga, lilitoka lenyewe.

Yule wa boda akasema, "Wacha tu, hata mimi nilishafanya upuzi kama huo juu ya dem." Watu wakacheka, lakini safari hii haikuniuma sana.

Anti Risper akaniita mbele. Akanipa sahani ya omena, akaniambia nile pale, watu wakiona. Nikala zote, vichwa na macho yake. Machozi yalinitoka na si kwa sababu ya pilipili. Kabla sijameza ya mwisho nikasema jambo lingine, kwamba wale ng'ombe arobaini ni watatu.

Anti Risper alicheka! Kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Akasema afadhali, wale arobaini walikuwa wamemnyima usingizi, mtu mwenye ng'ombe arobaini anatafuta nini Gatina akiuza ndengu? Alikuwa ameanza kuniona mwizi wa mifugo. Kisha akafuta mikono, akasema mazungumzo yanaweza kuendelea. Lakini si kwa mdomo wangu. Hasa si kwa mdomo wangu. Atafutwe mshenga mwingine, na mimi nikae mbali naye mpaka amalize kazi yake.

Foleni yake ilifika barabarani. Adhis alinipa maji ya kunawa, akanishika kidole kimoja chini ya beseni, mtu asione. Nimejifunza mambo mengi leo. Ninahisi kama mtu mpya.

Jumanne, 11 Machi

Adhis amepiga simu. Mshenga amepatikana! Anaitwa Tonny, anawaletea maziwa, mtu wa heshima, amewaozesha watu watatu na hakuna aliyeachika. Atanitembelea Alhamisi kunijua. Nimeagizwa nimpe chakula, nijibu maswali yake kwa ukweli, na nisifanye kitu kingine chochote. Adhis alirudia hilo la mwisho mara mbili. Nikaapa. Nilifurahi nusu saa nzima, nikaimba, nikaunguza ndengu.

Kisha nikaanza kufikiria. Huyu Tonny analeta maziwa kila asubuhi. Okoth alikuwa anakuja mara mbili tu kwa wiki, na yule alikuwa ndugu. Kwa nini maziwa yaletwe kila siku? Watu wawili wanakunywa chai kiasi gani? Nimempigia Adhis, nikamuuliza kwa utulivu kabisa. Amesema Tonny ana mke na watoto wanne pale Ayany, na kwamba anakata simu sasa.

Sikatai kwamba Okoth alikuwa mshenga wa kweli. Nilikosea, nimesema mbele ya watu, yamekwisha. Lakini mtu kubahatika kupata washenga wawili waaminifu, mmoja baada ya mwingine, hapa Nairobi? Nimemwuliza Wambua. Ameweka kiatu chini, akatoka nje, na bado hajarudi.

Nimetafuta nusu lita ya maziwa ya huyo Tonny. Iko hapa mbele yangu kwenye kikombe. Nimeinusa mara nne. Hakuna maji, hakuna harufu, hakuna hata uchafu kidogo juu.

Maziwa safi hivi ni ya mtu mwenye nia. Alhamisi ni kesho kutwa, lazima nianze kumchunguza leo.